Merikebu ya Makasia Mia na Sabini

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mitano, mwaka 1953, mvua zilichelewa kufika kwetu Shinyanga hadi wiki ya pili ya Januari, kisha zikanyesha siku kumi na moja mfululizo. Lambo lililochimbwa mwaka uliotangulia kwa ajili ya kunyweshea ng'ombe lilijaa kwa mara ya kwanza, maji yakafika karibu na ukingo wa tuta. Naanza na mwaka na mvua kwa sababu bila maji yale haya ninayoyaandika yasingetokea. Ningemwonea ndugu yangu wivu vilevile, bila shaka, lakini wivu wangu usingepata mahali pa kuelea.

Tulikuwa mapacha. Aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Kulwa, na mimi niliyefuata nikaitwa Doto, kama ilivyo desturi ya Wasukuma. Bibi Kabula, mama yake baba, ndiye aliyempokea kila mmoja wetu kwa mikono yake, na alikuwa akisema kwamba kati yetu ulipita muda wa kukamua ng'ombe mmoja mpole. Baadaye nilipopata saa nilimkamua ng'ombe wa namna hiyo, nikapata dakika saba. Tangu nilipoanza kujitambua niliona kwamba dakika saba hizo ndizo zilizompa Kulwa mikono yenye akili, kifua kipana na jina la kutajwa kwanza. Mama mwenyewe aliitwa Mama Kulwa. Hakuna aliyewahi kumwita Mama Doto.

Kwa kusawazisha mambo, nyumba yetu ilifuata sheria moja ambayo Bibi aliisimamia kuliko sheria yoyote ya serikali. Mapacha hugawiwa sawasawa. Ukimpa mmoja yai, umpe na mwenzake yai, na kama yai ni moja uligawe kwa uzi. Ukimsifu mmoja, umsifu na wa pili kabla hujafunga mdomo. Pacha akipunjwa, ile nusu aliyonyimwa humrudia mwilini, akaugua. Na akiugua, mwenzake naye atausikia ugonjwa huo katika mwili wake mwenyewe, kwa kuwa walilala tumbo moja. Dawa ni moja tu: kitu chenyewe kigawanywe.

Mwalimu wetu wa darasa la nane, Mwalimu Zakaria, hakuijua sheria hiyo. Alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, na alikuwa na kitabu kikubwa chenye picha kuhusu Wagiriki wa kale. Mvua zilipotufungia darasani, alitusomea habari za merikebu zao za vita: nyembamba kama mkuki, zenye safu tatu za wapiga makasia waliokaa mmoja juu ya mwenzake, mia na sabini kwa jumla. Mbele zilikuwa na pembe ya shaba ya kutoboa merikebu ya adui, na juu ya pembe hiyo zilichorwa macho mawili makubwa ili chombo kijionee njia.

"Mia na sabini," Mwalimu alisema, "na hakuna anayegongana na mwenzake. Wanawezaje?"

Hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameiona bahari, na walioliona ziwa walikuwa watatu.

"Kuna mtu anapiga filimbi," Mwalimu akaendelea. "Wote wanavuta kwa mlio wake."

"Kama kulima kwa ngoma," Kulwa akasema taratibu, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Majembe yote yanapanda, majembe yote yanashuka."

Mwalimu alikifunga kitabu akamtazama kwa furaha ambayo sijaisahau. Sote tulilima kwa ngoma. Sote tulijua jinsi safu ya majembe hamsini inavyoweza kuinuka kama jembe moja. Lakini aliyelisema neno hilo ni Kulwa, nami nilikuwa nalo mdomoni. Ninaandika hivi nikiwa na miaka themanini na kitu, na bado nasisitiza kwamba nilikuwa nalo mdomoni.

Siku hiyohiyo Mwalimu alitangaza jambo lililotukausha mate. Mkaguzi wa shule angekuja mwezi Machi. Shule yetu ilikuwa imepewa nafasi moja, moja tu, katika chuo cha ufundi kilichokuwa kusini mwa nchi, na Mkaguzi angemchagua mvulana mwenyewe baada ya kuona kazi za mikono. "Kulwa," Mwalimu akasema, "utajenga merikebu ya Wagiriki." Hakusema Kulwa na Doto. Niliangalia huku na huku nikitafuta jina langu, kama mtu anayetafuta kofia iliyopeperushwa.

Hata hivyo niliingia katika kazi hiyo, kwa sababu Kulwa hakuweza kuifanya bila mimi. Kitabu kilisema merikebu ilikuwa na urefu wa futi mia na ishirini na upana wa futi kumi na nane. Mimi ndiye niliyeamua kwamba nusu inchi iwe futi moja. Mimi ndiye niliyepata futi tano za urefu, inchi tisa za upana, na kasia la inchi saba. Mimi ndiye niliyegawa makasia katika safu: thelathini na moja juu, ishirini na saba katikati, ishirini na saba chini, kila ubavu themanini na tano. Kulwa alizisikiliza namba zangu kwa heshima, kisha akazigeuza kuwa mbao. Alibomoa masanduku yaliyokuja na madebe ya mafuta ya taa, akazipinda mbao zake kwa mvuke wa chungu cha Mama, akaziba nyufa kwa lami aliyokwangua katika pipa tupu lililoachwa na watengeneza barabara. Alichonga makasia yote mia na sabini kwa kisu kimoja. Niliyahesabu kila jioni, nikitumaini kukuta moja limepungua.

Pembe ndiyo iliyonivunja. Ilihitajika shaba, na shaba haikuwepo. Mama akavua bangili yake ya shaba, aliyovishwa siku ya ndoa yake, akampa Kulwa aifue.

"Na Doto umempa nini?" Bibi Kabula aliuliza kutoka mlangoni kwake, ugoro ukiwa bado kati ya vidole.

"Mama, ni ya kazi ya shule," Mama akajibu.

"Sikuuliza ni ya nini. Nimeuliza Doto umempa nini."

"Nitampa kitu."

"Lini? Nyinyi mmempa mmoja, mmemwacha mmoja. Kijana akianguka msije kuniamsha na kelele zenu."

Maneno hayo yaliingia katika sikio langu yakakaa humo yakiwa na joto. Hadi wakati huo sheria ya mapacha ilikuwa kwangu kama hewa. Siku ile niliiona kwa mara ya kwanza kuwa ni kifaa, chenye mpini, na mpini uko upande wangu.

Bado nilisubiri. Ninataka kujitendea haki hapa: nilisubiri hadi Jumamosi ya pili ya Februari, siku ya kuishusha merikebu lamboni. Walikuja wachungaji, wanawake wenye mitungi, na darasa letu zima. Kulwa alikuwa ameyachora macho asubuhi hiyo, kwa chokaa na masizi. Alivua shati, akaingia majini hadi kiunoni, akaiweka taratibu. Iliinama kidogo upande mmoja, ikajiinua, ikatulia. Macho yake meupe yalitazama moja kwa moja ng'ambo ya lambo, kana kwamba kule kuna nchi.

Watu walipiga vigelegele. Mzee mmoja, mchungaji, alimwamkia Mwalimu na kumuuliza kama kitu kile kinang'ata.

"Kulwa! Kulwa nahodha!" wavulana walipiga kelele.

"Na Doto je?" mmoja akauliza.

"Doto ni karani wa makasia!" akajibu mwingine, na kicheko kikapita juu ya maji.

Kulwa hakucheka. Aligeuka akaniita, "Doto, njoo uishike huku nyuma." Lakini kuitwa na mtu anayesifiwa ni kitu kichungu kuliko kusahauliwa. Niliondoka. Nilihesabu njiani, kwa kuwa kuhesabu ndiko kulikonituliza: tangu kazi ianze, Mwalimu alikuwa amelitaja jina la Kulwa mbele za watu mara kumi na tisa, na langu mara mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa kuniambia nifunge dirisha.

Nilipofika nyumbani nililala juu ya ngozi, nikajifunika blanketi, nikaugua.

Niliugua vizuri. Nilikataa uji, nikakataa maziwa, nikaushika ubavu wa kushoto kwa sababu nilikumbuka kwamba mapacha hulala ubavu kwa ubavu. Chini ya blanketi nilikuwa na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Michembe mikavu hupiga kelele mdomoni, hivyo nilikuwa nikiilowesha kwa mate hadi ilainike kabla ya kutafuna. Niliishi hivyo siku mbili.

Siku ya tatu, asubuhi, Baba aliwaita wote ndani. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa changu. Aliniuliza panaponiuma, nikamwonyesha. Alinibonyeza, nikaguna. Kisha akafanya nilichokuwa nimekisahau katika mahesabu yangu yote. Alimgeukia Kulwa.

"Na wewe, ng'wana wane, mwanangu, unasikia nini mwilini?"

Nilihisi jasho la kweli likinitoka. Hii ndiyo ilikuwa nusu ya pili ya sheria, nami sikuwa nimeiwekea namba. Kama ninaumwa, Kulwa lazima asikie. Kama hasikii, basi mimi ninadanganya, na si uongo wa kawaida. Bibi alikuwa ametuambia mara nyingi habari ya pacha anayejiuguza ili apate kitu. Mtu huyo haki ya mapacha humtoka. Hagawiwi tena sawa na mwenzake hadi anakufa. Hula baada ya wengine na hupewa kilichobaki.

Kulwa alikuwa amesimama penye mwanga wa mlango, lami ikiwa bado kwenye kucha zake. Alinitazama. Kisha macho yake yakashuka hadi kwenye ngozi niliyolalia, karibu na bega langu, nami nikayafuata. Kulikuwa na chenga za michembe, nyeupe, kama vile mtu amezinyunyiza kwa makusudi.

Alisogea akaketi juu ya chenga hizo.

"Hapa," akasema, akijishika ubavu wa kushoto. "Tangu juzi. Sikutaka kusema."

Mama alishusha pumzi ndefu. Bibi alitikisa kichwa mara kadhaa, bila furaha ya mtu aliyeshinda, maana alikuwa anatupenda. "Basi mnajua ni nini," akasema. "Kigawanywe."

"Mama, kile kitu cha shule kina siku kumi na tisa tu kabla ya Mkaguzi," Baba akasema. "Haiwezekani tukasubiri?"

"Subiri wewe. Huyu aliyelala hawezi."

"Tunakigawaje, sasa? Mbele na nyuma?"

"Atakayepata mbele atapata macho yote mawili na shaba yote," Bibi akajibu. "Huko ndiko kugawa? Kipasuliwe kwa urefu. Kila mtoto jicho moja."

Kulwa aliazima msumeno kwa fundi wa jirani. Nilikuwa nimeanza kupata nafuu, kwa kuwa mgonjwa wa namna yangu ni lazima apate nafuu mara tu hukumu inapotolewa, na waliniketisha nje kivulini ili nishuhudie. Kulwa aliilaza merikebu juu ya magogo mawili, akatafuta katikati kwa jicho, akasita. Kisha akanijia na kunipa rula yangu na penseli.

"Pima wewe," akasema. "Mimi nitakosea."

Nilipima. Inchi nne na nusu huku, inchi nne na nusu huku. Mkono wangu haukutetemeka, na hilo ni miongoni mwa mambo ninayojua kuhusu nafsi yangu. Nilichora mstari kutoka katikati ya macho hadi kwenye usukani, ukanyooka kabisa, na kwa sekunde chache nilijisikia fundi. Alipoanza kukata, sauti ilikuwa kavu na ya kawaida. Shaba ya Mama ilimchukua muda mrefu zaidi. Alipomaliza, kila nusu ilianguka upande wake, na makasia themanini na tano ya kila ubavu yakaelekea juu, kama miguu ya mende aliyepinduliwa.

Bibi alinipa nusu ya kushoto. Niliipokea kwa mikono miwili, kama ipasavyo.

"Umepona?" akaniuliza.

"Nimepona, Bibi."

"Na wewe?"

"Nimepona," Kulwa akasema.

Tulipobaki wawili alianza kuokota vumbi la mbao kwa kiganja, bila sababu, maana kuku wasingelila.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Kwamba siumwi."

"Doto, sijasikia kitu mwilini tangu Jumamosi. Ningekosaje kujua?" Hakuwa anatania. Aliiamini sheria ile kuliko nilivyoiamini mimi, ndiyo maana haikuwezekana kumdanganya. "Ungekula makombo maisha yako yote. Kwa ajili ya masanduku ya mafuta ya taa?"

Nilipaswa kulia pale. Badala yake nilimwonea wivu kwa jibu lake, kwa jinsi lilivyotoka bila kutafutwa. Kumbe hata kunyang'anywa alikuwa anakujua kuliko mimi.

Mwalimu Zakaria alipoziona nusu mbili alikaa kwenye ngazi ya darasa. Kisha akauliza, "Nani kafanya hivi?" Kulwa akamweleza sheria yetu kwa maneno machache. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Lakini si mngeniambia," akasema, "ningewataja wote." Alijaribu kuzifunga nusu hizo kwa kamba, lakini unene wa msumeno ulikuwa umekula kiasi fulani cha mbao, na merikebu iliyofungwa ilivuja na kulala chali. Siku ya Mkaguzi ziliegemezwa ukutani, moja hapa, moja kule, kila moja ikitazama kwa jicho moja.

Mkaguzi alizipita mara ya kwanza. Aliporudi aliuliza ni nini. Mwalimu akasema ni merikebu ya Wagiriki wa kale, imekatwa ili muundo wa ndani uonekane. Nadhani huo ndio uongo pekee aliowahi kuusema mbele yetu.

"Aliyeijenga ni nani?"

"Sisi wawili," Kulwa akajibu.

"Kwa nini wapiga makasia wa juu ni wengi kuliko wa chini?"

Kulwa alifungua mdomo. Alikuwa anajua, mikono yake ilikuwa inajua. Alianza kuonyesha kwa viganja jinsi ubao unavyojipinda na nafasi inavyopungua kuelekea ncha. Mimi nikajibu kwa sauti. Nilimpa thelathini na moja, ishirini na saba na ishirini na saba. Nikampa futi mia na ishirini na nusu inchi. Nikamweleza jinsi merikebu inavyofinywa kule chini. Mkaguzi alinigeukia mwili mzima. Aliuliza maswali mengine sita, nikayajibu yote sita. Aliandika jina moja katika daftari lake, na halikuwa la Kulwa.

Nyumbani Bibi alikataa katakata. Nafasi moja kwa mapacha wawili ilikuwa balaa ile ile, na safari hii hakukuwa na msumeno. Baba naye akaegemea upande wake. Nililiona lango likinifungia, na nakiri kwamba sikumwonea Bibi hasira. Nilimwonea Kulwa, kana kwamba yeye ndiye aliyelishika.

"Acheni aende," Kulwa akasema. "Mimi nami nina safari. Nitakwenda Geita, kwenye dhahabu. Yeye safari, mimi safari. Tumelingana."

Bibi alizipima safari hizo mbili kwa muda mrefu. Alikuwa hajaona chuo wala mgodi. Mwishowe akasema zinalingana.

Chuoni waligundua katika muhula wa kwanza kwamba sijui kupiga msumari ukanyooka, wakanihamishia kwenye uchoraji na hesabu. Kutoka hapo nilikwenda mbele hadi chuo kikuu, na nimekula mkate wa namba kwa maisha yangu yote ya kazi. Watu wamenipongeza. Kila waliponipongeza nilisikia jina la pili halitajwi, na nilijua sasa hali hiyo ikoje kwa upande wa pili, isipokuwa kwamba mwenzangu hakuwahi kuugua kwa sababu ya kutotajwa.

Nimesoma mengi kuhusu imani ile ya mapacha. Siamini kwamba yai lisilogawiwa huingia mwilini. Lakini nadhani waliobuni sheria ile waliujua wivu kwa undani. Walijua hauponi kwa mahubiri, wakautafutia kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukikagua. Kosa halikuwa katika kipimo. Nilikitumia kama mizani ambayo mtu amebonyeza kidole upande mmoja, na mtu pekee aliyekiona kidole changu alikaa juu yake ili wengine wasikione.

Kulwa alianza kazi chini ya ardhi mwanzoni mwa mwaka 1954, akaendelea hadi mgodi ulipofungwa, miaka kumi na miwili baadaye. Hakujenga chombo kingine. Nilimuuliza mara moja kwa nini, akasema kule chini mikono inachoka kwa namna nyingine. Alifanya kazi zamu sita kwa wiki, na wiki hamsini kwa mwaka, kwa kuwa wiki mbili alikuja nyumbani kulima. Nimeizidisha hesabu hiyo mara nyingi, nikitumaini kukuta moja imepungua. Ni zamu elfu tatu na mia sita.